Amplifaya ya TDA2030A inavuma hata voliumu ikiwa sifuri, pawa saplai ni transfoma 12-0-12, naomba msaada

solda_moro

Wakuu habari za jioni. Naombeni tusaidiane maana hili jambo nimekaa nalo wiki ya pili sasa na nimefika mahali sioni tena cha kujaribu.

Mzee wangu alikuwa na redio kaseti kubwa ya zamani, zile za spika mbili zinazochomoka pembeni. Ilikufa mwaka jana, fundi wa kwanza akasema aisi (chipu) imeungua, wa pili akasema hiyo aisi haipatikani tena. Spika zenyewe nzima kabisa, boksi za mbao, omu 8, zina sauti tamu kuliko hizi sabufa za plastiki za siku hizi. Nikamwahidi nitamjengea amplifaya ndogo ya kuziendesha, asikilize taarifa ya habari ya saa mbili na nyimbo zake za dansi. Hataki mdundo wa kutetemesha madirisha, anataka asikie maneno ya mwimbaji, masikio yake nayo yameanza kuchoka.

Nimenunua bodi ya amplifaya yenye aisi mbili za TDA2030A (stereo) ya kutumia umeme wa pande mbili, yaani plasi, graundi na mainasi. Sikutaka adapta, nikaona nijenge pawa saplai ya transfoma kabisa idumu. Transfoma ni 12-0-12 imeandikwa 5A, bridji (ya kugeuza AC kuwa DC) ni ile ya mraba ya bati KBPC, kapasita mbili 2200uF 25V moja kila upande. Nikipima bila kuwasha muziki napata plasi 17.4 na mainasi 17.3, kwahiyo pande zote zipo sawa.

Shida ya kwanza: inavuma mmmmmm muda wote, voliumu ikiwa sifuri inavuma vilevile, haiongezeki wala haipungui. Mchana barabarani kukiwa na kelele husikii, ila usiku kimya kimya unaisikia mpaka chumba cha pili. Shida ya pili: nikipandisha sauti, besi ikipiga inakwaruza na nikiwa nimeshika multimita naona volti zinashuka hadi 13 hivi.

Waya wa katikati wa transfoma nimeupeleka moja kwa moja graundi ya bodi, alafu kutoka hapo kwenye bodi nikavuta waya kurudi kwenye kati ya kapasita mbili. Kila kitu kipo ndani ya kasha la bati la UPS mbovu. Sijui kama transfoma ni mbovu au kapasita au bodi yenyewe.

fundi_kapasita

Mkuu 2200 ni ndogo sana hiyo, weka 10000uF kila upande mvumo unaisha. Mi nimejenga nyingi za watu wa baa, kapasita kubwa ndo dawa, ukiona inavuma ongeza kapasita. Na chukua za 35V, zina nafasi zaidi umeme ukipanda kuliko hizo za 25.

waya_mwekundu254

Boss kwani lazima iwe transfoma? Hapa Nairobi sisi tunachukua tu chaja ya laptop ya zamani, 19V, unaunganisha na bodi ya amplifaya ya TPA3116 na maneno inaisha, hakuna kuvuma, hakuna kitu kizito ya kubeba. Hiyo bodi inakubali kutoka 4.5 mpaka 26V kwa hivyo 19 inakaa vizuri katikati. Hata haipati moto. Nilijengea shosho (nyanya) yangu moja hivyo na inafanya mpaka sai. Si vibaya kwa transfoma lakini ukihesabu bei ya transfoma, bridji, kapasita na fyuzi unaona umelipa mara mbili.

mzee_wa_multimita

solda_moro kwanza hongera kwa kumjengea mzazi kitu kwa mikono yako. Pili usinunue kapasita bado. Ngoja tutenganishe shida zako mbili maana hazitokani na sehemu moja, na ukizichanganya utapoteza hela.

Tuanze na hii ya besi kukwaruza. Hiyo kweli ni kapasita, fundi_kapasita yupo sahihi kabisa hapo. Kila upande wa saplai yako kapasita inajazwa mara 100 kwa sekunde, kwa sababu umeme wetu ni hezi 50 na bridji inatumia mawimbi ya juu na ya chini. Katikati ya kujazwa na kujazwa, bodi inaishi kwa kilichopo ndani ya kapasita tu. Hesabu yake rahisi: chukua ampea zinazotoka, gawanya kwa 100, gawanya tena kwa ukubwa wa kapasita kwa faradi. TDA2030A kwenye volti zako na spika ya omu 8 inatoa kama wati 12, zikifanya kazi zote mbili kwa nguvu kila upande wa saplai unatoa kama ampea 1.1. Sasa 1.1 gawanya kwa 100 gawanya kwa 0.0022 unapata volti 5. Yaani kwenye besi saplai yako inapanda na kushuka volti 5 mara mia kwa sekunde, kilele cha muziki kikifika pale chini kinakatwa, ndo huko kukwaruza. Ukiweka 4700 mtikisiko unakuwa volti 2.3, ukiweka 10000 ni 1.1. Kwa mzee anayesikiliza taarifa ya habari 4700 inatosha sana, mi ningeishia hapo au 6800 ukizipata.

Sasa kuvuma. Hesabu ileile ifanye muziki ukiwa umezimwa. Aisi hizo zikiwa zimekaa tu zinakunywa kama miliampea 50 kila moja, mbili 100, yaani ampea 0.1. Gawanya kwa 100, gawanya kwa 0.0022, unapata chini ya nusu volti ya mtikisiko. Na aisi yenyewe imeundwa isipitishe mtikisiko wa saplai kwenye spika, inaupunguza mara mia kadhaa. Kinachobaki ni milivolti 1 au 2 kwenye spika, huwezi kuisikia chumba cha pili hata iwe usiku wa manane. Kwahiyo mvumo unaousikia haupiti kwenye plasi wala mainasi, unapita kwenye graundi. Ukiongeza kapasita bila kurekebisha graundi mvumo utabaki, na unaweza hata kuongezeka.

Soma tena ulivyoandika mwenyewe: waya wa katikati wa transfoma umeenda kwenye bodi, ndipo ukavuta waya kwenda kwenye kapasita. Kapasita hazijazwi polepole. Zinajazwa kwa mpigo mfupi wa milisekunde 2 au 3 pale wimbi linapofika kileleni, na mpigo huo una ampea nyingi kuliko wastani, hata muziki ukiwa umezimwa unaweza kufika ampea 1 hivi. Mipigo ya plasi na ya mainasi haifanani kabisa, tofauti yake lazima irudi kwenye waya wa katikati wa transfoma, na wewe umeilazimisha ipite juu ya graundi ya bodi. Waya mwembamba wa sentimita 20 una kama miliomu 7. Chukulia tofauti hiyo imefika ampea 1, mara miliomu 7 ni milivolti 7. Ndogo, ila kama graundi ya mlango wa kuingilia sauti nayo inashikia sehemu hiyohiyo, bodi inadhani zile milivolti 7 ni muziki na inazikuza mara 30. Unapata volti 0.2 kwenye spika. Hiyo ndo mmmm yako, na ndo maana voliumu haiigusi, mvumo unaingia baada ya voliumu.

Fanya hivi. Waya wa katikati wa transfoma uende kwenye kiungo cha kapasita mbili, hapo katikati yake, usipite popote. Kutoka kwenye kiungo hicho vuta waya mmoja mnene mfupi, sentimita 3 au 4, hadi kwenye skrubu au kipande cha kopa. Hapo ndo nyumbani kwa graundi zote: graundi ya bodi, mainasi ya spika ya kushoto, mainasi ya spika ya kulia, kila mmoja na waya wake. Usichukue graundi ya kitu chochote kati ya transfoma na kapasita.

Alafu niambie kitu kimoja: aisi umezifunga vipi kwenye hitisinki (bati la kupoza)?

bahari_na_redio

Assalaam alaykum. Mzee wa multimita kasema yote ya maana, mie naongeza njia ya kuijua kelele kwa masikio kabla hujashika solda.

Chukua kipande cha waya, unganisha mlango wa sauti na graundi yake palepale kwenye bodi, si kule mwisho wa waya. Ukisikia kimya, basi ubaya umo kwenye waya wa sauti au ile voliumu. Ikiendelea kuvuma ndo hiyo graundi aliyoieleza au transfoma yenyewe. Na mvumo wenyewe una sura mbili, ndugu yangu. Ule laini wa mbali, kama feni ya dari, huo ni hezi 50, mara nyingi transfoma imekaa karibu na waya wa sauti na uga wake wa sumaku unaingia. Ule mkali wenye ukali wa nyuki ni hezi 100, huo unatoka kwenye bridji na kapasita. Wako ukoje?

Mie hapa Unguja nilihangaika na amplifaya ya madrasa, vijana wanafanya mazoezi ya kaswida, inavuma vibaya mno. Nimebadilisha kapasita, nimebadilisha bodi, wapi. Mwisho nikailegeza transfoma nikawa naizungusha mkononi huku inawaka, ah, ilipokaa kiubavu sauti ikanyamaza. Ilikuwa sentimita 4 tu na mlango wa sauti. Nikaihamishia pembe ya pili ya kasha na mpaka leo imetulia. Ila ukiizungusha shika kwenye bati tu, na nyaya za 230 ziwe zimezibwa vizuri, usifanye ukiwa peke yako nyumbani.

Na hilo kasha la bati ulipige athi. Waya wa kijani na njano wa plagi ya pini tatu ukaze kwenye bati kwa skrubu yake yenyewe, usichangie skrubu na kitu kingine.

solda_moro

Asanteni sana sana, nimesoma mara tatu. bahari_na_redio mvumo wangu ni ule wa nyuki. Nimeunganisha mlango wa sauti na graundi kwenye bodi kama ulivyosema na bado inavuma, imepungua kidogo sana.

mzee_wa_multimita aisi zote mbili nimezifunga kwenye hitisinki moja ya alminiamu iliyotoka kwenye kompyuta, nimepaka ile krimu nyeupe tu. Hitisinki sijaigusisha na kasha bado, ipo juu ya kipande cha mbao, ila mpango ulikuwa niikaze kwenye bati la kasha ipoe vizuri. Kuna ubaya?

waya_mwekundu254 nimekuelewa kaka ila bodi nimeshanunua hii ya pande mbili. Af kuna kitu kingine, huku kwetu chaja ikifa watu wanatupa, transfoma ikifa fyuzi unabadilisha fyuzi.

mzee_wa_multimita

Ubaya upo na mkubwa, umefanya vizuri kuuliza. Bati la mgongo la TDA2030A limeungana na mguu wa 3, na mguu wa 3 kwenye saplai ya pande mbili ni mainasi. Kwahiyo hitisinki yako sasa hivi ina mainasi 17. Juu ya mbao haina shida kwa sababu aisi zote mbili zina mainasi ileile. Siku utakayoikaza kwenye kasha, na kasha lina athi na graundi, umeunganisha mainasi na graundi moja kwa moja. Bridji inakwenda, na kama fyuzi ni kubwa hata transfoma inanuka. Weka maika (inazuia umeme ila inapitisha joto) au ile raba ya kijivu chini ya kila aisi na bushi ya plastiki kwenye skrubu, alafu pima kwa multimita kati ya mgongo wa aisi na hitisinki, isilie. Fanya hivyo kabla ya kufunga kasha, ukishafunga hutaona.

Jambo lingine la kuangalia, soma maandishi ya aisi kwa tochi. Iwe na herufi A mwishoni. TDA2030 bila A mwisho wake ni plasi na mainasi 18, yenye A inafika 22. Wewe una 17.4 umeme ukiwa wa kawaida, umeme ukipanda hadi 250 usiku wa manane utakuwa na kama 18.9. Yenye A haijali, isiyo na A unaichoma. Na kuna mtu atakushauri uweke transfoma ya 18-0-18 upate nguvu zaidi, hiyo inakupa karibu 25 kila upande ikiwa na mzigo na zaidi bila mzigo, ni ya LM1875, aisi nyingine inayobeba volti nyingi zaidi, siyo ya aisi yako hii.

Kuhusu chaja ya laptop, ndugu yetu wa Nairobi yupo sawa kwa TPA3116, mi mwenyewe ninayo moja sebuleni. Aisi ile inatumia umeme wa upande mmoja na chaja inaipa inachotaka. Ila kwa mtu anayetaka kitu kitakachorekebishwa na fundi yeyote wa mtaani kwa taa na multimita baada ya miaka 10, wati 12 kwa 12, transfoma ni uamuzi mzuri na ningefanya hivyohivyo. Ukiifungua unaona kila kipande na kila kipande kinapimika.

waya_mwekundu254

Hiyo ya mguu wa 3 sikuwa naijua, asante. Na mimi nikubali kitu, hiyo chaja ya shosho ikiunganishwa na TV kuna kelele nyembamba inatokea, kwa simu haiko. Sijawahi kuitatua.

solda_moro pima hiyo transfoma kama ni 5A ya ukweli. Kule Luthuli Avenue unapata transfoma imeandikwa 5A lakini ukiibeba ni nyepesi kama simu. 24V mara 5A ni 120VA, transfoma ya chuma ya kawaida ya nguvu hiyo inakaribia kilo 2. Ikiwa nusu kilo hiyo ni 1A au 2A na stika tu.

fundi_kapasita

Hapo kwenye uzito umegonga. Na kapasita pia, siku hizi kuna kapasita unaichana unakuta ndogo imekaa ndani ya kopo kubwa. Mi kabla sijalipa napima kwa mita ya kapasita palepale dukani, iliyoandikwa 4700 ikija 3900 au 4000 naichukua, ikija 1500 naiacha. Hizi za alminiamu kupungua asilimia 20 ni kawaida, imeandikwa hata kwenye karatasi zake.

Na niseme kweli, hiyo hesabu ya graundi mi nilikuwa sijawahi kuifanya. Kuna amplifaya moja ya mteja nilimwekea 22000 kila upande na ikaendelea kuvuma, nikamwambia bodi mbovu. Kesho naifungua tena niangalie waya wa katikati ulipopita.

bahari_na_redio

solda_moro, ukibadilisha kapasita angalia ya upande wa mainasi. Watu wengi huiweka kama ile ya plasi na inapasuka usoni. Upande wa mainasi, mguu wa PLASI wa kapasita ndo unaokwenda graundi, na mguu wenye mstari unakwenda kwenye mainasi ya bridji. Ukiona umeziweka zote zinatazama upande mmoja kutoka bridji, simama uangalie tena.

Na usiwashe moja kwa moja. Tengeneza taa ya sirisi, balbu ya zamani ya nyuzi ya wati 60, inakaa kwenye waya wa laivu kabla ya transfoma. Ukiwasha, balbu ikamweka kidogo kisha ikafifia, kazi ni salama. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, zima, kuna shoti. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii, tafuta ya nyuzi hata kwa kuuliza majirani. Mie ninayo moja tangu nikiwa na miaka 17 na imeokoa transfoma zisizohesabika.

Na kila kapasita iwekee resista ya 2.2k wati 1 juu yake, ukizima zijimalize zenyewe. Kapasita zenye chaji si za kucheza nazo hata kwa volti 17, cheche yake inaondoa ncha ya bisibisi.

solda_moro

Wakuu nimerudi. Samahani kwa kuchelewa, maika nimezikosa hapa mjini nikaagiza Kariakoo zikaja na basi.

Kwanza transfoma nimepeleka kwa mama muuza mchele akanipimia, kilo 1 na robo tatu, kwahiyo inaelekea ni ya kweli au karibu na kweli. Aisi zina A. Kapasita nimeweka 4700uF 35V, zimepima 4310 na 4400. Fyuzi ya upande wa 230 nimeweka ampea 1 ile ya kuchelewa kukatika. Mwanzo niliweka ya kawaida ya ampea 1 ikakatika nilipowasha bila taa ya sirisi, nikaelewa kumbe transfoma inavuta sana ile sekunde ya kwanza.

Sasa graundi. Nilibadilisha graundi PEKE YAKE kwanza, kapasita nikaacha zilezile za 2200, nilitaka kujua ukweli. Waya wa katikati nikaupeleka kati ya kapasita, nikatoa kipande cha kopa sentimita 4 mpaka kwenye skrubu, waya za spika na bodi zote zikaanzia pale. Nikawasha kwa taa ya sirisi, balbu ikamweka ikafifia. Nikaweka sikio kwenye spika. Nilidhani haijawaka. Nikagusa waya wa sauti kwa kidole ikalia bzzz, ndo nikajua inawaka. Kimya kabisa wakuu, ukiweka sikio kwenye kitambaa cha spika unasikia shshsh nyembamba basi.

Baada ya hapo nikaweka kapasita mpya, sasa besi ikipiga volti zinashuka hadi 15 na kitu tu, haikwaruzi mpaka uwe umepitisha sauti ambayo mzee hawezi kuitaka.

Kuna kimoja kimebaki. Nimeongeza bodi ndogo ya bluetooth ili nimrushie nyimbo kutoka kwenye simu, umeme wake nimetoa kwenye plasi 17 kupitia 7805, kile kidude cha kushusha volti hadi 5. Redio nikisikiliza ni kimya, bluetooth nikiiunganisha inaanza tiktiktik-zzzii nyuma ya wimbo, hasa wimbo ukiwa wa taratibu. Na hiyo 7805 inachoma kidole.

mzee_wa_multimita

Umenifurahisha kubadilisha kimoja kimoja.

7805 inachoma kwa sababu inakula tofauti yote, 17 toa 5 ni volti 12, bodi ya bluetooth ikitumia ampea 0.1 hiyo ni wati 1.2 za joto tupu. Ipe kipande cha alminiamu cha ukubwa wa kiberiti, mgongo wake ni graundi ila usiukaze kwenye kasha, usije ukafungua njia ya pili ya graundi.

Ile tiktik ni jambo la graundi tena, ila kwa sura nyingine. Bodi ya bluetooth inavuta umeme kwa mishtuko kila inapoongea na simu. Graundi yake ina njia mbili za kurudi, moja kupitia waya wa umeme na moja kupitia shildi (waya wa nje unaofunika) ya waya wa sauti, na mishtuko hiyo inagawanyika ikapita kwenye shildi, yaani ikaingia palepale mlangoni. Mpe bluetooth umeme wake wa pekee. Kuna kidude cheusi cha miguu minne B0505S, kinaingia volti 5 kinatoa volti 5 na graundi ya kuingia na ya kutoka hazijaungana, kinatoa miliampea 200 na inatosha. Kiweke baada ya 7805, na graundi ya bluetooth isiguse kitu kingine chochote isipokuwa shildi ya waya wa sauti. Ukikosa, transfoma ndogo ya 6V yenye bridji na 7805 yake inafanya kazi hiyohiyo.

bahari_na_redio

Hata chaja ndogo ya simu ndani ya kasha inaweza, ila nyingine zina kelele zake mwenyewe. Transfoma ndogo ndo chaguo langu. Na wewe solda_moro ukimaliza iache iwake saa tatu mfululizo, uiguse transfoma na hitisinki, kama unaweza kushika mkono ukahesabu hadi kumi bila kuondoa basi iko sawa.

solda_moro

Nimepata transfoma ya 6V kwenye saa ya mezani iliyokufa, nimeifunga pembe ya pili mbali na mlango wa sauti, na bluetooth imenyamaza, tiktik hakuna. Imewaka tangu saa kumi na moja jioni hadi saa mbili na nusu, transfoma ina uvuguvugu, hitisinki nimeishika nimehesabu hadi kumi na tano.

Mzee amekaa nayo taarifa ya habari yote. Ilipoisha akaniambia nisizime, kuna wimbo unakuja.

waya_mwekundu254

Safi sana boss. Mimi sasa nimeamka na ile kelele ya TV ya shosho, nitafungua uzi wangu nieleze venye nyaya zimepita, mzee_wa_multimita usiende mbali.